Muujiza wa oili: nasimulia mwenyewe kabla hamjaongeza chumvi nyingine

Haya, tulieni. Video mmeshaiona, ile ya oili ya gari langu pale kanisani, na mmeshasema nimeiuza. Ile sauti ya pembeni inayocheka hadi simu inatikisika ni ya rafiki yangu, mnadi wetu wa sadaka, na ndiye aliyeisambaza. Jana shemeji yangu kapiga simu kutoka Mbeya, hata salamu hajatoa, ananiita Nabii. We uliyeandika "nipake na mimi", nimekuona. Kwa hiyo nasimulia mwenyewe, na naanza kwa kukanusha: sikuuza oili kanisani. Oili ilinadiwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Gari langu la zamani mnalikumbuka. Lilikuwa linakula oili bila aibu. Galoni halikosi kwenye buti, na nikifika sheli nafungua boneti kwanza, mfuniko wa tenki baadaye. Sasa mtu umeishi hivyo miaka, halafu unapata Mjapani wa cc 1500 mwenye turbo, kimya, hatoi moshi, nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. (Kampuni siitaji. Wenye nayo ni wengi na ni wakali.) Mazoea ni mazoea, nikaendelea kuchomoa stiki ya kupimia oili kila asubuhi. Mwanzoni oili ilikuwa katikati ya alama mbili. Baadaye ikafika alama ya juu. Baadaye ikaipita. Nikamuuliza mama watoto kama kuna mtu anaongeza, akaniambia yeye hata boneti hajui linafungukia wapi. Nikamuuliza dogo anayeosha gari, akaapa kwa jina la marehemu babu yake.

Mtu mwenye historia yangu akiona oili inapanda yenyewe, mlitaka awaze nini? Nikawaza mjane wa Sarepta, yule wa Eliya ambaye chupa yake ya mafuta haikuisha. Biblia yangu naijua.

Najua mtauliza kwa nini sikuinusa. Jamani, hii ni Njombe, mwezi wa saba. Asubuhi ukisema "kamwene", salamu ya huku, moshi unatangulia kabla ya neno. Pua yangu ilikuwa imeziba tangu mwezi wa sita, ilibaki usoni kama pambo.

Basi, Jumapili ya shukrani, mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Sitarudia yote niliyosema. Nitakiri tu kwamba nilianza na "Bwana asifiwe" mara tatu, nikamtaja Eliya, na nikasema magari mengine yanapunguza lakini langu linaongeza. Mchungaji akajibu "amina" fupi, ile ya kumwambia mtu muda umekwisha. Ingeishia hapo. Ni mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyesema, "Ibada ikiisha tukaone."

Wakaona.

Nje mnada wa sadaka ulikuwa umeshaanza: viazi, parachichi, jogoo mmoja mwenye hasira. Kwaya wakanisindikiza hadi kwenye gari wakiimba. Nikafungua boneti. Nikachomoa stiki, nikaipangusa, nikairudisha, nikaichomoa tena, nikaiinua juu. Oili imepita alama ya juu na inatiririka. Vigelegele! Rafiki yangu akaacha jogoo akakimbia na maiki: "Mafuta ya muujiza! Tone moja, elfu tano mara ya kwanza!" Mwalimu mmoja, msomi kabisa, akasema elfu kumi. Kabla sijakaa sawa, Bibi mmoja wa benchi la mbele alikuwa ameshapitisha kidole kwenye stiki na kujipaka goti.

Sasa hapa twendeni polepole, maana kwenye video hapaonekani vizuri. Mpiga picha alikuwa anacheka.

Kuna mzee mmoja amezeekea gereji. Hasemi sana, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nikamwona anapasua watu, mikono nyuma. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Lete hiyo stiki." Nikampa, natabasamu. Akatoa leso, akaipangusa. Akainama, akairudisha. Akaichomoa. Akaiinua usawa wa macho. Kwaya bado wanaimba. Akaisogeza puani, akavuta, akafumba macho. Moyoni nikasema, anaomba. Akavuta tena. Akampa mchungaji. Mchungaji akanusa, akanitazama. Akanusa tena, akanitazama muda mrefu kuliko mwanzo. Sauti ya kwanza wakanyamaza. Ya pili wakafuata. Sauti ya tatu wakajikohoza. Besi, ambao walikuwa nyuma na hawaoni kitu, waliendelea na kiitikio peke yao, kwa furaha, hadi mwalimu wa kwaya akawageukia.

"Petroli," mzee akasema.

"Amesema petroli!" rafiki yangu akarudia kwenye maiki, utafikiri kuna ambaye hakusikia. Mwalimu wa elfu kumi akaanza kuitafuta simu yake mifukoni. Simu alikuwa nayo mkononi.

"Kijana," mzee akaendelea, "gari hili unaendea wapi?"

"Dukani, mzee."

"Duka liko wapi?"

"Hapo sokoni."

"Na leo umetoka nalo wapi?"

Nyumba yangu inaonekana kutoka uwanja wa kanisa. Ina bati la bluu. Nilisogea kushoto kidogo ili niizibe kwa mwili. Rafiki yangu akanyoosha kidole juu ya bega langu: "Si pale?" Kanisa lote likageuka, na jogoo pia.

"Sasa hapo kwa nini usitembee?"

"Mzee, baridi."

Nilidhani mchungaji ataniokoa. Akachukua maiki, akampa mzee, akasema watu wapate elimu.

Na elimu ilitolewa. Mzee akaeleza kwamba injini za zamani zilimwaga petroli kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, ikaingia ndani imeshachanganyika na hewa. Hizi za sasa nozeli imo ndani ya silinda yenyewe, na inapuliza kwa presha ya baa 200 na kuendelea. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta inaongeza petroli, na sehemu yake inagonga ukuta wa silinda kabla haijawa mvuke. Inateleza pembeni ya ringi za pistoni, inashuka chini, inakaa pamoja na oili. Turbo nayo, kwa kuisukumia injini hewa nyingi, inaikamua injini ndogo ifanye kazi ya kubwa, presha inapanda, na petroli inazidi kupenya. Ukienda safari ndefu oili inapata moto wa kutosha, petroli iliyomo inageuka mvuke, inavutwa kurudi juu, inachomwa.

"Lakini huyu," akaninyooshea stiki, "anazima gari kabla oili haijajua kwamba kumekucha."

Walicheka hadi watoto wa Sunday school wakatoka kuangalia. Hapo bado ana maiki. Akasema oili ya namna hiyo inakuwa nyepesi mno, vyuma vinaanza kusagana, na shafti ya turbo, ambayo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, inaitegemea oili hiyo hiyo. Nikaona nijitetee, nikauliza kama ni mimi peke yangu duniani. Akasema hapana. Mwaka 2018 China, Honda walisimamisha kuuza CR-V mpya zenye injini ya cc 1500 turbo kwa sababu oili ilikuwa inapanda, na malalamiko yalitoka hasa mikoa yenye baridi. (Langu si Honda, msianze.) Nikapumua. Angalau nina wenzangu, tena wenye magari mapya.

"Ila wale," mzee akamalizia, "hawakutoa ushuhuda."

Akarudisha maiki. Kisha akamgeukia Bibi wa goti, ambaye alikuwa ameshajisogeza kwenye jiko la mkaa la chai ili ajipashe, akamwambia kwa heshima zote, "Mama, hebu kaa mbali kidogo na moto." Alikuwa anamtania, petroli ya kwenye tone lile haiwashi mtu. Lakini akina mama wa chai hawakuelewa utani. Bibi alibebwa. Kiti na yeye.

Yaliyofuata ni mafupi. Mzee alinikataza kuwasha, vijana wa kwaya wakalisukuma gari hadi nyumbani, na walifika wakiwa hata jasho hawajatoka, jambo ambalo walilisema kwa sauti. Jumatatu oili ilimwagwa, filta ikabadilishwa, turbo ikakutwa bado nzima. Nimeambiwa nisisubiri tena kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, niwahi kumwaga, na kila wiki nilipeleke gari Makambako na kulirudisha, kama kilomita 60 kwenda. Sina shughuli yoyote Makambako. Mama watoto amenipa orodha ya vitunguu. Dukani naenda kwa mguu na koti la marehemu baba. Elfu kumi mwalimu hajalipa, na mhazini ameiandika kama ahadi, jina langu pembeni.

Kilichobaki ni Bibi. Jana kaja dukani, nikajua anakuja kunidai kanga yake iliyoingia madoa. Wala. Anasema goti limeachia, amepanda kile kilima cha sokoni bila fimbo, na anataka kujua ile oili yote niliyoimwaga nimeiweka wapi. Nimejaribu kumweleza habari za nozeli na ringi za pistoni. Kanisikiliza hadi mwisho, kaitikia kwa kichwa, kisha kaniwekea kaunta chupa tupu mbili za lita moja, moja yake na moja ya dada yake.