Chanjo ya dengue Ufilipino: maswali ya Seneti yaliyokuja baada ya sindano

Tarehe 29 Novemba 2017, kampuni ya Sanofi ilitoa taarifa iliyowakosesha usingizi wazazi wa Ufilipino. Chanjo yake ya dengue, homa inayoenezwa na mbu, iliitwa Dengvaxia, nayo ilimkinga mtoto aliyewahi kuambukizwa dengue. Kwa ambaye hajawahi, ingeweza kumwongezea hatari ya kuugua vikali siku atakapoambukizwa, kwa sababu mwili unaipokea chanjo kama maambukizi ya kwanza, na dengue mara nyingi huwa kali zaidi inapomrudia mtu mara ya pili. Siku mbili baadaye serikali ilisimamisha kampeni yake ya kuwachanja watoto. Watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wameshachanjwa, na kampeni haikuwa imewapima kwanza ili kujua nani aliwahi kuambukizwa na nani bado.

Yakafuata vikao vya Seneti, vikirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mpaka leo wapo wanaosema vikao vile vilifichua uzembe mkubwa, na wapo wanaosema viliwatia watu hofu ya chanjo zote. Naona pande zote mbili zina ukweli, ila kila upande unatazama sehemu tofauti ya kazi ileile.

Kamati ya Blue Ribbon, ambayo ndiyo kamati ya uchunguzi ya Seneti, chini ya Seneta Richard Gordon, ilifuatilia tarehe na fedha, na hapo ilifanya kazi ya bunge hasa. Mamlaka ya dawa iliidhinisha chanjo tarehe 22 Desemba 2015. Zikatengwa peso bilioni 3.5, na Aprili 2016 kampeni ikaanza mashuleni, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Baraza la wataalamu wa dawa lilikuwa limeshauri kuanza kidogo kidogo. Na dalili ya hatari haikuwa siri: Julai 2015 matokeo ya majaribio yalichapishwa yakionyesha kwamba, katika mwaka wa tatu, watoto wadogo wa miaka 2 hadi 5 waliochanjwa Asia walilazwa hospitali kwa dengue zaidi ya wenzao wasiochanjwa. Kwa hiyo umri wa kuchanjwa ukapandishwa hadi miaka 9. Lakini swali la msingi lilibaki palepale: tatizo ni umri, au ni kutowahi kuambukizwa?

Waliotuhumiwa nao wanastahili kusikilizwa. Rais wa zamani Benigno Aquino III na aliyekuwa waziri wake wa afya, Janette Garin, walijitetea kwamba walitaka kuwakinga watoto dhidi ya ugonjwa unaoua kila mwaka. Hata Shirika la Afya Duniani, Aprili 2016, lilisema nchi zenye maambukizi mengi zinaweza kuifikiria chanjo hiyo. Aprili 2018 rasimu ya ripoti ya Gordon ilipendekeza washtakiwe. Kwangu, ushauri wa shirika la kimataifa hauondoi wajibu wa waziri kueleza kwa nini hakuanza na wilaya chache.

Mambo yaliharibika pale mjadala ulipohama kutoka kwa nani aliamua kwenda kwa nini kimemuua mtoto huyu. Ofisi ya wanasheria wa umma ilianza kuchunguza maiti za watoto, na wazazi wakaonekana kwenye televisheni wakiwa na picha za marehemu. Uchungu wao ulikuwa wa kweli na hakuna mwenye haki ya kuwanyamazisha. Lakini chanzo cha kifo hakiamuliwi kwa kura za maseneta. Jopo la madaktari lililopitia vifo 14 vya mwanzo lilikuwa na majibu ya tahadhari: watatu walikufa kwa dengue ingawa walichanjwa, na huenda kwa wawili kati yao chanjo ilishindwa kuwakinga. Jibu la namna hiyo halina nafasi katika taarifa ya habari ya dakika mbili.

Utafiti mmoja uliokuwa umewauliza watu mwaka 2015 ulirudi kuuliza mwaka 2018. Waliokubali kabisa kwamba chanjo ni muhimu walikuwa wameshuka kutoka asilimia 93 hadi 32. Mwaka 2019 surua ililipuka na kuua watu zaidi ya 500, wengi wao watoto wadogo, na polio ikarudi baada ya karibu miaka 20. Tuwe waangalifu hapa: uchanjaji wa surua ulikuwa umeanza kushuka hata kabla ya 2017, kwa hiyo kuwabebesha maseneta mzigo wote si haki. Wala siamini kwamba wangenyamaza mambo yangetulia. Uvumi ungefanya kazi yao.

Linganisha na chanjo ya malaria, RTS,S. Majaribio yake yalionyesha ishara za kutia shaka: homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani, na vifo vya wasichana. Badala ya kuisambaza mara moja, ilipelekwa kwanza katika maeneo maalumu ya Malawi, Ghana na Kenya kuanzia 2019, huku hospitali zilizochaguliwa zikihesabu kila kisa. Kufikia Oktoba 2021, watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa, idadi inayokaribiana na ya Ufilipino, na ishara zile hazikujitokeza tena. Hapo ndipo ilipopendekezwa kwa nchi nyingine.

Hata hivyo, mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilieleza kuwa wazazi hawakuombwa ridhaa ya maandishi. Mtoto kuletwa kliniki kulichukuliwa kuwa mzazi amekubali. Mama wa Homa Bay, Kenya, aliyempeleka mwanawe kuchanjwa aliambiwa nini hasa kuhusu zile ishara tatu? Swali hilo kamati ya afya ya bunge ingeweza kuliuliza tangu 2019, kwa utulivu, kabla ya msiba wowote.