Feloshipu ya tiba radiolojia, ule mwaka mmoja unaodharauliwa

Siku hizi ukikaa na watu wa radiolojia hukosi kusikia kwamba feloshipu (mafunzo ya ziada baada ya ubingwa) ya mishipa na tiba radiolojia, yaani kutibu kwa sindano na mirija huku picha ikikuongoza, imepitwa na wakati, eti huwezi kumtoa mtu aliyekaa miaka minne kwenye chumba chenye giza anasoma picha, ukampa mwaka mmoja wa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) na waya halafu ukamwita daktari wa kutibu. Anayeitaka fani hii aingie nayo tangu siku ya kwanza, na mfano unaotolewa kila mara ni Marekani. Hoja ina uzito na nitaifikia, ila kwanza tuhesabu miaka maana hapa ndo wengi wanajichanganya.

Mfumo wa zamani wa Marekani ulikuwa hivi: intern (mafunzo ya vitendo baada ya chuo) mwaka 1, radiolojia ya picha miaka 4, feloshipu mwaka 1. Jumla 6. Mwaka 2012 tiba radiolojia ikakubaliwa kuwa ubingwa unaojitegemea, na ilipofika katikati ya 2020 feloshipu za mtindo ule zikafungwa. Mfumo mpya wa kuunganisha ni intern mwaka 1, picha miaka 3, tiba miaka 2. Jumlisha tena. 6 ileile! Yaani mapinduzi yote haya, kwa upande wa muda, ni mwaka mmoja uliotolewa kwenye picha ukahamishiwa kwenye katheta, basi. Na hata huo mwaka wenyewe, kwa kuwa mtihani mkubwa wa picha unafanyika baada ya miaka mitatu, aliyeipenda tiba alikuwa tayari anautumia mwaka wa nne kushinda kwenye chumba cha angio, kule kunakofanyiwa kazi za mishipa.

Kuna kitu kingine watetezi wa mfumo mpya hawapendi kukizungumzia. Marekani waliacha njia ya pembeni kwa aliyeanza na radiolojia ya kawaida: anasoma miaka miwili ya tiba baadaye, lakini akiwa ameshajikusanyia mizunguko ya mafunzo ya kutosha na angalau procedure 500 (kazi za kutibu kwa katheta au sindano) wakati wa radiolojia yake, anaruka mwaka wa kwanza na kubakiwa na mmoja. Miaka minne ya picha, mmoja wa tiba. Sasa hiyo si feloshipu iliyobadilishwa jina tu?

Haya, upande wa pili. Charles Dotter, yule mtu wa radiolojia wa Portland, Oregon, ambaye Januari 1964 alifungua kwa katheta mshipa wa mguu wa mama wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu, alikuja kuwaonya wenzake mwaka 1968 kwamba wasipobeba jukumu la mgonjwa mzima wataishia kuwa mafundi bomba wa bei ghali na watanyang'anywa eneo lao. Na kweli sehemu kubwa ya kazi ya mishipa ya miguu imechukuliwa na wapasuaji wa mishipa na madaktari wa moyo, kwa sababu wao wana kliniki, wana wodi, mgonjwa anawajua kwa sura. Mguu usiopata damu hauishii kwenye puto na stenti (kijibomba cha kushikilia mshipa ubaki wazi), kuna sukari, kuna sigara, kuna dawa za kuzuia damu kuganda, na kuna mtu wa kupigiwa saa nane usiku pale kinena kinapovimba mahali katheta ilipopita. Mwaka mmoja uliojaa procedure asubuhi mpaka jioni hauwezi kufundisha yote hayo, hilo silibishii kabisa. Ila dawa yake ni kuingiza wodi, kliniki na aisiyu (wodi ya mahututi) ndani ya feloshipu, na ikibidi kuirefusha iwe miaka miwili. Waingereza walipoitambua fani hii mwaka 2010 waliiweka kama ubobezi ndani ya radiolojia, miaka 3 ya picha kisha 3 ya tiba, hawakuona haja ya kuivunja ndoa.

Halafu hiyo miaka ya picha watu wanaisema kama kifungo. Mgonjwa anayetoka damu tumboni, sitiskani ndo inakwambia ni tawi gani linavuja, ukiisoma vibaya utazungukazunguka kwenye mshipa usiohusika huku unammwagia dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha ambayo figo zake hazitaki. Jipu lililojificha nyuma ya utumbo, njia salama ya sindano ni suala la kusoma picha kabla ya kuwa suala la mkono. Na maamuzi mengi mazuri kwenye fani hii ni ya kutofanya kitu, ambayo hayaandikwi kwenye logbook (daftari la kazi alizofanya daktari) ya mtu yeyote.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni usiku. Huduma ya dharura ni usiku 365 kwa mwaka. Hospitali yenye daktari mmoja wa tiba radiolojia haina huduma ya saa 24, ina mtu mmoja anayechoka, wakiwa wawili kila mmoja ana zaidi ya usiku 180, na hata wakifika sita bado ni kama usiku 60 kila mmoja, akiwa pia anafanya kazi mchana. Sasa hao sita unawatoa wapi kwenye nchi yenye radiolojisti wachache? Ukianzisha njia ya moja kwa moja leo, wa kwanza anamaliza baada ya miaka mitano, sita, na utahitaji walimu wa tiba hapohapo tangu mwanzo, walimu ambao ndo hao huna. Feloshipu unamchukua radiolojisti aliyepo, anaenda kwenye kituo chenye kazi nyingi mwaka au miwili, anarudi (akirudi, maana hilo nalo ni balaa lake) na asubuhi anasoma sitiskani kama kawaida, usiku anaweka mrija kwenye figo iliyoziba na kuingia usaha, procedure fupi ambayo bila yake mtu anakufa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa haina kazi ya kumshughulisha mtu wa katheta tupu siku tano za wiki. Ina kazi tele kwa mtu wa vyote viwili.

Na kuchagua mapema nako kuna bei. Kijana anayeamua akiwa bado mwanafunzi hajawahi kusimama kwa muda wa saa nne na aproni ya madini ya risasi mgongoni, mionzi ikiwa mbele yake, huku anatafuta mshipa usiotaka kupatikana. Felo ameshaona hayo yote na bado anataka.

Kwa hiyo daktari anayetafuta nafasi, mimi ningemwambia hilo jina la programu aliache kwanza aulize mambo ya maana: felo ana kliniki yake au anasukumiwa wagonjwa walioshalazwa mezani? Nani anaandika ridhaa, nani anapita wodini kesho yake? Kwenye logbook anaandikwa mshikaji wa waya, yaani mtendaji mkuu, au msaidizi? Na usiku simu inaita kwa nani kwanza?