Kampuni ya Bima Inayomkatia Bima Mwenyewe: Mdhibiti Aangalie Wapi?

Anayekwenda kuikatia bima ya moto hoteli ya makuti huko Nungwi au Paje, Zanzibar, hugundua mapema kwamba paa linalompendeza mtalii ndilo linaloitia hofu kampuni ya bima. Ada hupanda na masharti huongezeka. Mfanyabiashara mwenye hoteli nne au tano akifika hapo, ni jambo la kawaida kujiuliza kwa nini asianzishe kampuni yake ya bima, hoteli zake zikailipa ada, na miaka isiyo na moto ziada ikabaki mikononi mwake.

Wazo hilo lina umri mrefu. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Fred Reiss, aliyekuwa akikihudumia kiwanda cha chuma cha Youngstown huko Ohio, alilipatia jina kutokana na migodi ya kiwanda hicho, ambayo madini yake yote yaliishia kwenye tanuri za mwenye migodi na hayakuuzwa kwa mwingine. Migodi hiyo iliitwa mateka, na kampuni ya bima ya namna hiyo nayo ikaitwa mateka. Biashara ikahamia Bermuda, jimbo la Vermont likaitungia sheria mwaka 1981, na katika bahari yetu hii Mauritius ikatunga ya kwake mwaka 2015.

Wanaotaka udhibiti uwe mwepesi wana hoja nzito. Serikali husimamia bima kwa sababu mkata bima hajui hesabu za kampuni anayoiamini; analipa leo kwa ahadi ya kesho, na hana njia ya kujua kama sanduku lina kitu. Katika kampuni mateka mlipaji ada ndiye mwenye sanduku, na akijidanganya ni shauri yake. Ndiyo maana Vermont huridhika na mtaji wa dola 250,000 kwa kampuni inayobeba hatari za mwenyewe tu. Tena anayejua kwamba moto utamla yeye mwenyewe hununua pampu ya maji kabla ya kununua mapambo.

Hoja hiyo husimama mpaka pale anapotokea mtu wa tatu, na mtu wa tatu huwa hakosekani. Yupo mpishi aliyeungua, yupo jirani ambaye cheche zimevuka ukuta zikamfikia, ipo benki iliyokopesha kwa dhamana ya jengo lile lile. Hao hawakuichagua kampuni hiyo. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mali ya kampuni mateka na mali ya mwenyewe hufungwa kamba moja. Tuchukue boti ya abiria kati ya Unguja na Pemba. Wanaokumbuka usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama, hawahitaji kuelezwa kwa nini mwenye chombo hafai kuwa pia mwamuzi wa madai ya fidia. Siku chombo kinapozama, na uwezo wa mwenyewe wa kulipa huenda ukazama nacho.

Marekani, ambako kila jimbo husimamia bima yake, imekwishaonja uchungu wa ulegevu. Mwaka 2013 mdhibiti wa New York alibaini kwamba kampuni za bima za maisha zilikuwa zimehamishia madeni ya dola bilioni 48 kwa kampuni mateka zao wenyewe, hivyo akiba zikaonekana nene kuliko zilivyo. Mwaka 2018 Microsoft ilikubali kulilipa jimbo la Washington zaidi ya dola 870,000, zikiwemo kodi na adhabu, kwa ajili ya ada zilizokwenda kwa kampuni mateka yake iliyosajiliwa Arizona. Majimbo yanayoshindania usajili huvutana kwa wepesi wa masharti, na kisiwa kinachotafuta mitaji kinaweza kunaswa na mtego huo huo.

Hapa kwetu Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inatumika pande zote mbili za Muungano chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Inataka angalau theluthi moja ya umiliki wa kampuni ya bima iwe ya raia, na hatari zilizopo nchini zikatiwe bima nchini, isipokuwa kwa kibali cha Kamishna wa Bima. Kundi la kigeni la hoteli lenye kampuni mateka ughaibuni, basi, haliwezi kuitumia waziwazi. Hupita mlango wa pembeni: kampuni ya hapa hutoa hati ya bima kwa jina lake, kisha sehemu kubwa ya hatari huipeleka kwa kampuni mateka kama bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima nayo hujikatia kwa kampuni nyingine. Kwa mteja, anayedaiwa ni wa hapa. Kampuni mateka ikishindwa kulipa, wa hapa ndiye anayebaki na moto mkononi akiwa amepata kamisheni ndogo tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mdhibiti apaangalie kwanza, hata kabla ya kufikiria leseni mpya.

Wapo wanaohofia kwamba hoteli kubwa zikijitoa, mfuko wa pamoja utabaki na nyumba ndogo za wageni na ada zao zitapanda. Hofu hiyo ina ukweli, ila nadhani imetiwa chumvi, kwani hatari kubwa za hoteli tayari hupelekwa nje kwa bima mtawanyo, na ada nyingi huvuka bahari vivyo hivyo. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa 1969, limekwishapata uwanja mwingine: tangu Oktoba 2024 mgeni aingiaye Zanzibar hununua kwake bima ya safari kwa dola 44.

Ningeruhusu leseni ya kampuni mateka kwa paa, samani na hasara ya biashara ya mwenyewe. Fidia ya wafanyakazi, abiria na majirani ningeiacha kwa kampuni za kawaida. Na ningechukua sharti moja la Vermont bila kulipunguza: kampuni mateka isimkopeshe mwenyewe fedha zake bila kibali cha maandishi cha Kamishna.