Pasiwedi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana steshenari Ngamiani, Tanga. Ana mashine ya fotokopi, printa, kiti cha kupigia picha za pasipoti, na kompyuta ya mezani ambayo umri wake hautajwi mbele ya wateja. Masasisho ya bure ya Windows 10 yalipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta ile haikuweza kupanda Windows 11, kwa sababu haina kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mama akaenda kuulizia bei ya kompyuta nyingine, akarudi kimya. Mimi ndiye niliyelitamka neno Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Wala sijuti. Mkataba wangu ulikuwa umeisha, nilikuwa nashinda nyumbani, na mkwe anayeshinda nyumbani inabidi aonekane na faida yake.

"Bei gani?" mama akauliza.

"Bure, mama."

Akaniangalia kama nimemwambia nyama ya bure. Nikaanza kumweleza kwamba kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, huko Ufini, akiwa na miaka 21.

"Mwanafunzi. Kwa hiyo hakuwa na kazi."

"Alikuwa anasoma, mama."

"Ndiyo hayo hayo."

Nikaona nimhamishie kwa Mark Shuttleworth, yule wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, mwaka 2004. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwenda angani na chombo cha Warusi, nauli kajilipia mwenyewe. Mama akainua macho kutoka kwenye daftari la madeni.

"Kwa pesa zake?"

"Zake."

"Huyo sawa. Weka hiyo ya huyo."

Nikapakua Ubuntu 24.04, faili la karibu GB 6, kwa bando la usiku, nikaliingiza kwenye flashi. Raha ya mambo haya ni kwamba unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo hiyo, ukauonja mfumo mzima kabla hujafuta chochote. Mama akaonja. Akafungua LibreOffice, programu ya kuchapia maandishi, akachapa jina lake, akaliprinti, printa ikatii. Akaridhia. Nikahamishia kazi za wateja kwenye diski ya nje, maana barua za maombi ya kazi za nusu ya mtaa zilikuwa humo, yangu ikiwemo, kisha nikabonyeza kitufe cha kusakinisha.

Katikati ya usakinishaji mfumo unakutaka uandike jina na pasiwedi. Nikampisha mama akae, nikamweleza kwamba pasiwedi asimwambie mtu, hata mimi, nikageuka kutazama kalenda ukutani. Vitufe vililia muda mrefu. Nilipogeuka, kompyuta ilikuwa inasema pasiwedi ni imara.

"Umeweka ndefu, mama."

"Nimeweka kitu nisichoweza kusahau."

Nikamsifu. Kwa kweli nilimsifu.

Mambo yakaenda vizuri hadi mama alipopata arusi ya ndugu Pangani. Asubuhi aliiwasha kompyuta mwenyewe, akaingia, akaiacha wazi, akaniachia duka. Skrini haikuwa inajifunga, hilo nilishaliondoa siku nyingi kwa sababu lilikuwa linamkera. Kilichobaki ni mimi kutoa kopi na kupokea pesa.

Akaja katibu wa kamati ya harusi nyingine, na flashi mkononi. Alitaka kadi za mchango 100, kikao ni jioni. Kadi zilichapwa steshenari nyingine, kwa fonti ya Comic Sans, ambayo watu wa kamati wanaipenda sijui kwa nini. Ubuntu haiji na fonti hiyo. LibreOffice ikatafuta fonti nyingine ya kuziba pengo, herufi zikawa pana, mistari ikasukumana, na namba ya simu ya kutumia mchango ikaporomoka hadi ukurasa wa pili.

Katibu akaiangalia skrini. "Kijana, kadi ya mchango isiyo na namba ni salamu tu."

Ningeweza kubadilisha fonti, lakini alikataa katakata: mwenyekiti alishaipitisha kadi jinsi ilivyo. Dawa nilikuwa naijua. Kuna kifurushi kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer, kinaleta Arial, Times New Roman, Georgia, Comic Sans na wenzao. Nikafungua terminali, ile skrini nyeusi ya maandishi, nikaandika sudo apt install na jina la kifurushi. Sudo, amri ya kukupa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, ikaomba pasiwedi.

Nikapiga simu Pangani. Nyuma ya mama kulikuwa na ngoma na vigelegele.

"Shikamoo mama. Naomba pasiwedi, kuna mteja."

Kimya. Ngoma tu.

"Mama?"

"Si ulisema nisimwambie mtu, hata wewe?"

"Ni dharura, mama."

"Mpe simu huyo mteja."

Katibu akapokea, akasikiliza, akaniangalia, akasikiliza tena, halafu akakohoa. Akakaa kwenye kiti changu na kuanza kuchapa kwa kidole kimoja. Sasa, terminali ya Ubuntu 24.04 ukiandika pasiwedi haionyeshi kitu: si herufi, si nyota, si nukta. Katibu akadai kibodi imekufa. Nikamwambia aendelee tu, ndivyo ilivyo. Akabonyeza Enter, ikakataa. Sudo inakupa nafasi 3, akazimaliza zote. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba Caps Lock ilikuwa imewashwa, lakini utaionaje Caps Lock kwenye herufi usizoziona?

Foleni ikarefuka. Ngoma ya Pangani ikapamba moto, katibu akawa hasikii, akaweka spika.

"Mama, nitajie herufi moja moja!"

"Mkwe wangu yupo hapo?"

Katibu akanitazama usoni. "Katoka kidogo, mama."

Mtu mwenye kikao jioni husema lolote. Na mimi, nikishatolewa nje namna ile, ningeongea vipi?

Mama akapaza sauti. "M ya Muheza! K ya Korogwe! W ya watu! E ya embe!"

Katibu akawa anarudia kila herufi anapobonyeza. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akatoa kalamu, akaanza kuandika nyuma ya bahasha.

"H ya Handeni! A ya Amani! N ya Ngamiani! A ya Amani tena!"

Foleni nzima ilikuwa imenyamaza. Mama mmoja aliyebeba mtoto akasema taratibu, "Mkwe hana..."

"K ya Kilindi! A! Z ya Zanzibar! I ya Ijumaa! Halafu 2019!"

Mwanafunzi akaisoma bahasha kwa sauti ya darasani: "Mkwe hana kazi 2019."

Mwaka 2019 ndio nilioa.

Caps Lock ikazimwa, Enter ikabonyezwa, pasiwedi ikakubali. Mistari ikaanza kutiririka, halafu ikatokea skrini ya leseni yenye neno Ok chini, ambalo hata ukilibonyeza kwa mausi mpaka kesho halijibu. Nikabonyeza Tab, kisha Enter, na angalau hapo mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Lakini anajua." Fonti zikashuka, nikafunga LibreOffice na kuifungua upya, namba ya mchango ikarudi mahali pake. Nikatoa kadi 100. Katibu akalipa, nikamhesabia chenji, akaikunja kiganjani mwangu.

"Baki nayo, kijana. Itakusaidia."

Mama alirudi kesho yake na sahani ya kaimati, akaiweka mbele yangu, akatazama barabarani.

"Hiyo pasiwedi ibadilishwe."

Nikaibadilisha palepale, kwa sudo passwd na jina lake la kuingilia. Yeye akachapa mpya, mimi nikatazama kalenda. Ila Ubuntu ina hazina ya funguo, ndimo Chrome inamohifadhia siri zake, na hazina hiyo hufungwa kwa pasiwedi ya kuingilia. Ukibadilisha pasiwedi kwa njia ya sudo, yenyewe haipati habari. Inabaki na ile ya zamani. Kwa hiyo kila asubuhi mama akifungua Chrome, linaruka dirisha dogo linaloomba pasiwedi ya zamani, naye anaichapa yote, hadi 2019, mimi nikiwa nimesimama pembeni napanga karatasi.

Juzi akauliza, bila kugeuka, kama dirisha lile haliwezi kuondolewa.

Linaondoka, ni suala la dakika mbili. Nikamwambia avumilie kidogo, siku hizi nina kazi nyingi.