Gitaa la kwaya liseme, lisikorome

Mwezi wa sita mwaka jana, ibada ya asubuhi hapa Mwanjelwa, mama mmoja wa sauti ya pili alinisogelea tulipokaa akaninong'oneza, "Baba, gitaa lako leo lina mafua." Baridi ya Mbeya mwezi huo unaijua, hata vidole vinakataa. Lakini hayakuwa mafua ya baridi. Kila nilipopiga nyuzi mbili kwa pamoja, zilitoka zimegandana kama uji uliopoa.

Amplifaya yangu, yaani kikuza sauti cha gitaa, ni ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, wati 15, niliyoinunua mtumba kwa mpigaji aliyekuwa anahamia Tunduma. Ilitengenezwa kwa ajili ya muziki wa roki, ambako mkwaruzo ndio utamu wenyewe. Sisi huku tunapiga solo na rithimu zinazojibizana, na kwenye sebene noti zinafuatana kama mvua ya Tukuyu. Msikilize mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979: hata kwenye rekodi iliyochakaa utazifuata noti zake moja moja. Gitaa la namna hiyo linahitaji amplifaya inayolipatia nafasi ya kusema, na mimi naamini amplifaya ya roki inaweza kufundishwa kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Haina haja ya kuuzwa.

Ushauri niliopewa mara nyingi ni kuweka ekwaliza, kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti kali. Siukubali. Ndani ya amplifaya hizi sauti hukuzwa hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ikizidisha, ya pili inajaa, na vilele vya wimbi vinakatwa kama majani yaliyopitiwa na fyekeo. Kilele kikishakatwa, ekwaliza hairudishi kitu. Inapunguza ukali tu, gitaa linabaki na mkwaruzo uleule, sasa ukiwa umefunikwa blanketi. Tatizo litibiwe pale linapozaliwa.

Ila kwanza hakikisha huo mkwaruzo ni wa maumbile, si ugonjwa. Spika iliyochanika inakwaruza. Valvu iliyochoka inakwaruza. Kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, ikivujisha umeme kutoka hatua moja kwenda nyingine inavuruga valvu inayofuata, nayo inakwaruza vibaya kuliko zote. Kwangu, jioni umeme ukishuka, mita ilisoma volti 195 badala ya 230, na sauti ilikuwa inajaa mapema zaidi. Fundi anayeanza kukata nyaya kabla ya kupima haya simwamini, hata awe na miaka thelathini kwenye kibanda chake.

Baada ya kupima ndipo nikabadilisha valvu ya kwanza. Ilikuwa 12AX7, ambayo wengine huiita ECC83, yenye kipimo cha ukuzaji cha 100. Nikaweka 12AY7, yenye kipimo cha 44 hivi. Miguu yake inaingia kwenye soketi ileile, wala hakuna kuchomea risasi. Iliposafiri na basi kutoka Dar nilikuwa na wasiwasi kama mzazi anayesubiri mtoto wa bweni. Kabla ya hapo nobu ya geini, ile ya kuongeza ukuzaji, ikifika 3 gitaa lilishaanza kukoroma. Sasa naipeleka hadi 6 na noti bado zina uso. Nilijaribu pia 12AU7, ambayo kipimo chake kiko chini ya 20. Ukimya ulikuwa mzuri, lakini gitaa lilipoa mno, likapoteza ule mng'ao wa nyuzi nyembamba. Wapo wanaoipenda. Mimi hapana.

Hatua iliyofuata ilihitaji pasi ya kuchomea. Kwenye kathodi ya valvu ya pili, mguu unaopitisha umeme wake, kulikuwa na rezista, kifaa cha kuzuia umeme, ya kiloohmu 1.5, na pembeni yake kapasita ya mikrofaradi 25. Kapasita hiyo ndiyo inayoiachia valvu ikuze kwa nguvu zake zote. Ukiitoa, valvu inaanza kujizuia yenyewe, ukuzaji unashuka karibu nusu, na mkwaruzo unapungua pamoja nao. Nilinyanyua mguu mmoja tu wa kapasita. Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya aliniuliza kama nimenunua gitaa jipya.

Hapa nisisitize, kwa kuwa wapo vijana wanaosoma haya wakiwa na bisibisi mkononi. Ndani ya hizi amplifaya kuna zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa za pawa zinaweza kubaki na umeme huo hata ukichomoa plagi. Zitoe umeme kupitia rezista, kisha pima kwa mita, kisha pima tena. Kama hujawahi kufanya hivyo, kaa na fundi anayejua, mtazame kwanza. Na usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, hata kwa kujaribu, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, nayo ni mojawapo ya vifaa vya bei kubwa zaidi humo.

Kuna wanaosema dawa ni wati nyingi. Kwenye uwanja wa mkutano wa injili kule Uyole ningekubaliana nao. Kanisani, kutoka wati 15 kwenda 30 unaongeza desibeli 3 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, na desibeli hizohizo unazipata kwa kubadilisha spika inayotoa desibeli 97 kwa wati moja ukaweka ya 100. Bei yake na uzito wa kubeba havifanani kabisa.

Kinachoniuma ni amplifaya nzuri ninazoziona zimeharibiwa: rezista zimekatwa, sahani ya chuma inayobeba vifaa imetobolewa, na hakuna aliyeandika kilichokuwepo mwanzo. Atakayeimiliki kesho huenda akataka roki, na ana haki ya kuikuta. Kwa hiyo mguu ule wa kapasita nimeufunika kwa plastiki, haujakatwa. Valvu ya zamani nimeivika soksi ya mwanangu iliyopoteza mwenzake, nikaifunga ndani ya boksi la amplifaya upande wa chini, mbali na joto, pamoja na karatasi yenye tarehe na mchoro wa nilichogusa.