Elinor Ostrom kwenye mialo ya Mwanza: nadharia iliyonukuliwa kuliko ilivyojaribiwa

Ni vigumu siku hizi kuandika pendekezo la utafiti kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria bila kumtaja Elinor Ostrom. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili chuoni pale Malimbe, mtaalamu wa mradi anayemwandikia mfadhili taarifa, na ofisa anayetetea vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha na kushusha samaki, anaviita BMU, wote huishia kwenye kanuni zake nane za kusimamia mali ya pamoja, hata wale ambao hawajawahi kukifungua kitabu chenyewe. Kwa mtafiti, kunukuliwa kiasi hicho ni heshima kubwa. Hata hivyo, miaka zaidi ya thelathini baada ya kitabu hicho kutoka, inafaa kupima ni kiasi gani kazi yake imetusaidia kulielewa ziwa hili, na ni kiasi gani imegeuka msamiati wa kupambia maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wengine.

Ostrom, Mmarekani aliyezaliwa 1933 na kufariki 2012, alikuwa mwanasayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Indiana, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliyoipokea pamoja na Oliver Williamson. Hoja aliyopambana nayo ilikuwa imeenezwa na mwanabiolojia Garrett Hardin katika makala ya 1968: kwamba malisho yasiyo na mwenyewe yataharibika tu, kwa kuwa kila mfugaji hufaidi peke yake ng'ombe anayemwongeza huku hasara ikigawanywa kwa wote, na kwa hiyo njia zilizobaki ni mbili, ama serikali isimamie kwa mkono wa chuma ama mali ibinafsishwe. Ostrom hakujibu kwa kaulimbiu nyingine. Alikusanya mifano ya watu waliofaulu kusimamia mali yao ya pamoja kwa vizazi vingi, wakiwamo wafugaji wa milima ya Uswisi, vijiji vya Japani, wakulima wa umwagiliaji wa Valencia nchini Hispania na wenzao wa Ufilipino, kisha akauliza kinachowaunganisha ni nini. Majibu aliyoyatoa 1990 katika Governing the Commons ndiyo kanuni nane: mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na mazingira, wahusika kushiriki kuzitunga, ufuatiliaji, adhabu zinazopanda hatua kwa hatua, njia rahisi ya kumaliza migogoro, serikali kutambua haki ya watu kujipangia mambo yao, na, kwa rasilimali kubwa, ngazi za usimamizi zinazobebana.

Mfano wake unaotugusa zaidi watu wa ziwani ni ule wa Alanya, nchini Uturuki, alioupata katika utafiti wa Fikret Berkes. Wavuvi wapatao mia moja walikuwa wakigombania maeneo mazuri ya kutega nyavu, hadi ushirika wao ulipobuni utaratibu uliochukua takribani miaka kumi kukomaa. Kila Septemba iliandikwa orodha ya wavuvi wenye sifa, maeneo yote yalitajwa kwa majina na kuachwa nafasi ili wavu wa mmoja usimzibie mwingine samaki, kisha wavuvi walipiga kura ya bahati kugawana maeneo ya kuanzia. Kuanzia hapo hadi Januari kila mvuvi alisogea eneo moja upande wa mashariki kila siku, na baada ya Januari alisogea magharibi hadi Mei, ili kila mmoja apate zamu yake kwenye njia ya samaki wanaohama. Ulinzi haukugharimu chochote, kwa sababu aliyeiba zamu ya mwenzake angekutwa na mwenye zamu alfajiri ileile. Mtu anayejua ugomvi wa nyavu kukatana usiku hapa kwetu hawezi kuusoma ukurasa huo bila kuona wivu kidogo.

Wanaomtetea wana ushahidi wa kutosha. BMU zilianza kuundwa upande wa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikazitambua. Kimuundo zinafuata kabisa mkondo huo wa fikra: kamati huchaguliwa mwaloni ikiwa na wenye mitumbwi, vibarua, wachuuzi na wanawake, na juu yake kuna halmashauri, wizara, na hatimaye Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoanzishwa na nchi tatu mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja. Ukiikagua karatasi, ngazi zinazobebana zipo zote. Pale ambapo mfumo umeshindwa, watetezi hawa wanaonyesha kwamba kanuni yenyewe ndiyo iliyovunjwa. Ukubwa wa macho ya nyavu na marufuku ya sangara wa chini ya sentimita 50 hutungwa kwa kanuni za waziri, na kamati ya mwalo huachiwa kazi ya kuzisimamia tu. Adhabu nazo hazikupanda ngazi: katika Operesheni Sangara ya 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu zilichomwa moto, na moto huo haukuuliza kama mwenye wavu ameonywa mara ngapi. Kwa kipimo cha Ostrom, hayo ni maagizo ya serikali yaliyovishwa vazi la ushirikishwaji.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kwamba serikali nayo ina sababu zake. Sangara anayezaliwa karibu na Igombe anaweza kuvuliwa maji ya Kagera au ya Uganda, kwa hiyo mwalo mmoja ukiruhusu nyavu haramu kama timba na makokoro, utakuwa umemtungia sheria jirani aliyejinyima. Kanuni moja kwa ziwa zima si ubabe mtupu. Waliounga mkono operesheni walisema wazi kwamba viongozi wa BMU walikuwa wameshindwa, na katika hilo hawakuwa waongo: utafiti wa msomi Fiona Nunan na wenzake uliochapishwa 2018 ulieleza jinsi rushwa ilivyoota mizizi katika usimamizi wa pamoja wa ziwa hili. Jarida lililouchapisha, tuseme kwa kupita, ni la jumuiya ileile ya watafiti wa mali za pamoja ambayo Ostrom alikuwa rais wake wa kwanza. Huo ni ushawishi wa aina ya juu, pale wakosoaji wako wanapokukosoa wakiwa wamekaa katika nyumba uliyoshiriki kuijenga.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye kanuni ya kwanza, ile ya mipaka. Mifano ya mafanikio ambayo Ostrom aliichambua ilikuwa ya makundi ya watu kuanzia 50 hadi 15,000, na kila rasilimali ilikuwa ndani ya nchi moja. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu, na wavuvi wasiopungua laki mbili. Tena wavuvi hao hawakai. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Giza linaporudi kambi hujaa upya, na kibarua aliyekuwa kisiwa cha Kome mwezi uliopita sasa unamkuta kisiwa cha Goziba au Ukara, akiwa chini ya kamati ambayo hakuichagua na ambayo haimjui hata kwa jina. Nunan aliandika mapema, mwaka 2010, kuhusu uhamaji huu kama sehemu ya maisha ya uvuvi. Katika mazingira hayo, daftari la BMU lenye orodha ya mitumbwi ya mwalo hueleza nani aliegesha hapa, na halielezi ni nani anayevua samaki wa hapa.

Kuna pia suala la madaraka ndani ya mwalo wenyewe. Mwenye mitumbwi mingi ndiye anayekopesha mafuta na nyavu, na mara nyingi ndiye mwenye sauti kwenye uchaguzi wa kamati. Mjumbe anayedaiwa naye atamkamata vipi akikutwa na makokoro? Ostrom aliijua tofauti ya uwezo miongoni mwa watumiaji, lakini katika kanuni zake nane haina kifungu chake. Vivyo hivyo bei ya minofu inayosafirishwa nje na bei ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambazo hufika mwaloni kutoka mbali na kuvuruga hesabu ya uvumilivu ya mvuvi yeyote. Na tusisahau kwamba furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, waliopotea kwa mamia ya spishi hawakumalizwa na ukosefu wa kanuni za mwalo. Walimalizwa kwa sehemu kubwa na sangara, aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 kwa uamuzi ambao hakuna kijiji kilichoulizwa.

Lawama kwa watumiaji wa nadharia hii, kwa maoni yangu, ni nzito kuliko lawama kwa mwenyewe. Mapitio yaliyofanywa 2010 na Michael Cox na wenzake, yaliyochambua tafiti 91, yaliziona kanuni zake kuwa zinaungwa mkono kwa kiasi kizuri na ushahidi, ingawa yalipendekeza baadhi zigawanywe na kuandikwa upya. Ostrom mwenyewe, katika makala ya 2007, alionya dhidi ya kuchukua dawa moja na kuitumia kwa kila ugonjwa. Lakini katika tasnifu nyingi kanuni nane zimegeuzwa orodha ya kuweka vema: BMU ikifanya vizuri, Ostrom amethibitishwa, ikishindwa, basi kuna kanuni iliyokosekana, na Ostrom amethibitishwa tena. Nadharia inayotumiwa hivyo haiwezi kukosea, na isiyoweza kukosea haitufundishi jambo. Alichokifanya yeye kilikuwa kinyume: aliweka bayana pia mifano iliyoanguka, ukiwamo uvuvi wa Bodrum na wa ghuba ya Izmir, katika nchi ileile ya Alanya, na kutafuta sababu.

Ndiyo maana sidhani kama inasemeka kuwa nadharia yake imeshindwa Ziwa Victoria, wala kwamba imefaulu. Jaribio lenyewe halijafanywa, kwa kuwa hakuna mwalo uliowahi kupewa haki ya kutunga kanuni zake kwa muda wa kutosha, tuseme miaka ile kumi waliyoihitaji wavuvi wa Alanya. Na hata ukipewa, ningetarajia ufanikiwe zaidi kwa sato wa ghubani, ambao maeneo yao ya kuzaliana yanafahamika na yanaweza kulindwa na watu wanaofahamiana, kuliko kwa sangara wa maji makuu.

Wakati huohuo mjadala unatuponyoka. Vizimba vya kufugia sato vinazidi kuonekana kandokando ya Mwanza, na kila kizimba huweka mpaka ndani ya maji ambayo jana kila mtu alipita. Mtafiti anayetaka kumtumia Ostrom kwa faida angeanzia hapo: nani aliulizwa kabla ya eneo kugawiwa, mvuvi wa nyavu aliyelitumia amehamia wapi, na kamati ya BMU ilikuwa na kauli gani siku vyuma vilipoteremshwa majini.