Mchanga wa Springi

Barabara za vijijini za uwanda wa Makonde zina tabia ambayo mtu aliyezoea lami haijui: malori ya korosho huchimba mifereji miwili mirefu kwenye mchanga, kisha katikati huacha tuta linalosubiri tumbo la gari dogo. Kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya msingi vya ushirika, kwa hiyo tangu minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba gari langu hulala Mtwara mjini na kushinda Nanyamba, Tandahimba au Newala. Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado la mfululizo wa 90, yale yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2002. Asubuhi hupeleka watoto shuleni, mchana hupanda mchanga, na Ijumaa hutakiwa kumfikisha mama mkwe Mikindani akiwa hana neno la kulalamikia. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko mchanga hata kabla ya mambo ninayotaka kuyaeleza.

Nilipotamka kwamba nataka kulinyanyua gari, kila mtu niliyekuwa nikimsalimia akawa mhandisi. Fundi mmoja alishauri spesa, yaani vipande vya alumini au raba ngumu vinavyopachikwa juu ya springi za zamani. Bei yake ni ndogo na kazi huisha kabla ya adhuhuri. Ubaya wake ni kwamba springi inabaki ileile na shokapu inabaki na urefu uleule, hivyo gari linasimama juu lakini gurudumu likizama shimoni shokapu hufika mwisho mapema na kugonga. Fundi wa pili, ambaye hakubaliani na wa kwanza hata kuhusu siku ya wiki, alishauri kuinua bodi kutoka kwenye chasisi kwa vitalu. Nilimuuliza chasisi na difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, vitapanda kwa kiasi gani, akanijibu kwamba havitapanda, ila gari litapendeza. Dereva mmoja wa lori, kwenye baraza la kahawa, alinisihi nitupe springi zote za koili na kuweka za lori lake la zamani, ambazo alikuwa nazo uani na angeniuzia kindugu.

Mimi niliamua kwa utaratibu wa mkaguzi. Gari linalotumika kila siku halihitaji kupanda zaidi ya milimita 50, kwa sababu kwenye Prado hili magurudumu ya mbele yana ekseli fupi zenye viungo, na kadiri bodi inavyopanda ndivyo viungo hivyo vinavyofanya kazi vikiwa vimepinda, mpaka raba zake zinachanika na kumwaga grisi. Nyuma kuna fito linaloshikilia ekseli isiende kando. Gari likipanda sana, fito hilo huivuta ekseli upande mmoja. Kuna pia kifaa cha breki ambacho hupima umbali kati ya ekseli na bodi ili kujua kama gari limebeba mzigo: ukiinua bodi bila kukirekebisha, kinadhani gari ni tupu na kinapunguza nguvu ya breki za nyuma. Isitoshe, difu ya nyuma haiinuliwi na springi yoyote duniani, kwa kuwa imeshikana na magurudumu. Kinachoipandisha ni tairi kubwa pekee. Kutoka tairi la 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo huongezeka kwa takriban milimita 27, ambapo difu hupata nusu yake tu, na mshale wa spidi huanza kusema uongo kwa zaidi kidogo ya asilimia 3, jambo ambalo askari wa barabarani mwenye tochi hatakusaidia kulijadili.

Nikachagua seti kamili: springi nne, shokapu nne ndefu zaidi, na mipira mipya ya breki. (Nitasema hapa, kwa kuwa hakuna aliyeniambia bure, kwamba kwenye mchanga mkavu kupunguza upepo wa tairi hadi psi 18 kunasaidia kuliko springi yoyote, lakini hakuna mtu aliyewahi kusifiwa kijiweni kwa kupunguza upepo.)

Sasa aingie shemeji. Kaka wa mke wangu alikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zake, akajitolea kupita kwenye duka moja la vipuri huko Kariakoo ili kunipunguzia gharama. Nilimwandikia kila kitu kwenye ujumbe: aina ya gari, mwaka, urefu, na kwamba ni gari la familia. Muuzaji alimuuliza swali moja tu ambalo halikuwa kwenye ujumbe wangu: je, nyuma gari linabeba mzigo wa kudumu wa kilo ngapi? Springi za nyuma huuzwa kwa madaraja; kuna za gari lisilo na mzigo, kuna za mzigo wa kati, na kuna za gari ambalo mchana na usiku linatembea na tangi la ziada, zana na shehena. Shemeji ana shamba la mikorosho Nanyamba na kwa muda mrefu alikuwa akiliangalia Prado langu kwa macho ya mtu anayeliona lori. Alijibu bila kupepesa, “Kilo mia nne. Andika mia nne, bosi, hata ikizidi.”

Mzigo ulifika kwa basi. Fundi alipofungua boksi, alishika springi ya nyuma, akazungusha kidole gumba kwenye waya wake mnene, akaniangalia, akasema ni chuma cha uhakika. Waya ulikuwa mnene kuliko wa springi iliyotolewa kwa kiasi ambacho jicho liliona bila rula. Alifunga. Jeki iliposhushwa, sehemu ya mbele ilipanda kwa milimita 50 zilizokusudiwa, lakini nyuma iliendelea kubaki hewani tukidhani jeki bado ipo. Mzee jirani yangu, aliyekuwa akirudi kutoka msikitini, alisimama, akalizunguka gari lililoinamisha pua, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, gari lako linasujudu, na adhana bado.”

Kwenye lami lilivumilika. Kwenye tuta la kwanza la barabarani, mbele ilipita kistaarabu, kisha nyuma ikarushwa juu na kutua mara tatu, kila mara kwa maamuzi yake. Faili la hesabu la chama kimoja lilitoka kiti cha nyuma likaja kunipiga kisogoni. Watoto walifurahi mno na kuomba turudi nyuma tulipite tena. Mama mkwe hakuomba. Siku ya Ijumaa tulipokaribia Mikindani, alishika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akasoma dua ambazo nilidhani ni za baharini, na aliposhuka alitangaza mbele ya ndugu waliotupokea kwamba kuanzia leo atapanda bajaji, kwa kuwa bajaji ina adabu.

Nilimpigia shemeji. “Shem,” akasema, “hizo springi ni nzuri sana, tatizo wewe hubebi kitu.” La kuudhi ni kwamba fundi alimuunga mkono. Alinieleza kwamba springi haina kosa, inadai mzigo wake; ikipewa kilo 300 hivi, itashuka mahali pake na kulainika. Duka la Dar es Salaam lilishasema kwamba mali iliyofungwa hairudi. Kwa hiyo, nikisubiri kupata fedha za springi nyepesi, niliamua kuzipa hizi mzigo.

Jirani mwingine alikuwa akijenga na alikuwa na lundo la mchanga. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu tani 1.6, hivyo kilo 300 hazichukui nafasi kubwa. Nilihitaji vyombo. Nyumbani kulikuwa na magunia manne matupu ya korosho, ya jute, lakini jute huchuja mchanga, na mama watoto alikwisha kuona kijito cha kwanza kwenye zulia la gari. Ili kuuzuia, ndani ya kila gunia nilitanguliza mifuko ya plastiki niliyoikuta stoo, ambayo shemeji aliiacha baada ya kupulizia mikorosho yake dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Ilikuwa mifuko mitupu ya salfa. Nikajaza, nikashona kwa sindano kubwa na uzi wa katani, nikapanga magunia juu ya ekseli. Gari likashuka, likanyooka, likawa tulivu kuliko lilivyowahi kuwa. Nililiendesha mjini jioni ile nikipita matuta yote kwa makusudi.

Kesho yake nilielekea Tandahimba, na baada ya kuimaliza lami nikakuta kizuizi. Msomaji wa kusini ameshaelewa, lakini kwa faida ya wengine: tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007, korosho za mkulima zinapita kwenye chama chake na kuuzwa mnadani, na anayekutwa msimuni na magunia yake binafsi anahesabiwa kuwa mtu wa kangomba, yule anayenunua kwa mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa. Mgambo kijana alichungulia dirisha la nyuma, akaona magunia manne ya korosho, kisha akaona kitambulisho changu kinachoning'inia shingoni. Uso wake ulipata furaha ya mtu aliyekamata samaki asiyemtarajia.

“Mkaguzi,” akasema, “kumbe na wewe?”

Nilimwambia ni mchanga. Alicheka kwa heshima. Alijaribu kuliburuta gunia moja kwa mkono, likakataa; akajaribu kwa mikono miwili. Gunia la kilo zile, lililojaa theluthi tu, lilimshangaza, akamwita mkuu wake, mtu mzima mwenye miwani na daftari. Wakakata uzi. Ikatokea mifuko ya salfa. Hapo shauri la korosho likafutwa palepale na kufunguliwa jipya, kwa kuwa salfa ya ruzuku haiuzwi, na mkaguzi anayesafirisha salfa ya wakulima ni habari kubwa kuliko kangomba wa kawaida. Nikasema tena kwamba ni mchanga. Wakafungua mfuko. Ulikuwa mchanga.

Nilidhani yameisha. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, “Unapeleka mchanga kwenye chama cha msingi?” Nikakumbuka kile ambacho mimi mwenyewe huwa nakiandika kwenye taarifa zangu kila msimu: magunia yanayoongezwa mchanga na mawe ili yasome kilo nyingi kwenye mizani. Kati ya mashtaka matatu, hili ndilo lililokuwa na mantiki, na mimi ndiye niliyekuwa na utaalamu wa kulifanya.

Nilieleza habari za springi. Nilieleza madaraja ya mzigo, nikachora kwenye vumbi, nikamwonyesha mkuu nafasi kati ya tairi na bodi, nikataja hata kile kifaa cha breki. Wanakijiji walisogea kusikiliza. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza mihogo alichota mchanga kwa kiganja, akaumwaga, akauliza, “Nchanga huu, mwanangu, unakwenda nao na kurudi nao?” Nikakiri kwamba ndiyo. Alinitazama kwa huruma, akanipa kipande cha muhogo bila kudai fedha.

Mkuu aliamuru mchanga wote umwagwe kando ya barabara ili kuhakikisha hakuna kilichofichwa. Mgambo kijana aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akatulia, akautoa taratibu. Mchanga wa ujenzi hukaa nje usiku kucha, na jirani yangu ana paka watatu. Alikwenda kuosha mkono na hakurudi haraka. Hata hivyo ndiye aliyeamriwa kunisindikiza mpaka ofisi ya chama ili mwenyekiti anitambue, akakaa kiti cha nyuma, pembeni ya magunia matupu, na mkuu akatupungia mkono.

Barabara pale ilikuwa na mikunjo ya changarawe. Gari tupu lilianza kazi yake. Kofia ya mgambo ilianguka kwanza, kisha kichwa kikagonga dari, kisha nikasikia sauti ikiniomba nipunguze mwendo, nami nikamjibu kwa ukweli kwamba nilikuwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Tulipofika shimo lililofuata akashika bega langu. “Mkaguzi,” akasema, “turudi. Tukauchukue.”

Mkuu alitukuta tumepiga magoti kando ya barabara, mgambo wake akikomba mchanga kwa sahani ya bibi wa mihogo na mimi nikishikilia mdomo wa mfuko wa salfa. Alitaka kujua tunafanya nini na kidhibiti. “Mkuu,” mgambo akajibu akisugua utosi, “mchanga ni wa gari, kweli.” Mkuu akaketi, akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani: Mwenye barua hii amekaguliwa. Mchanga alionao ni wa springi, hauhusiani na korosho wala salfa. Apite. Akagonga muhuri.

Kwenye kizuizi cha pili nilitoa barua kabla sijaulizwa. Askari aliisoma mara mbili, akawaita wenzake wakaisoma, wakaafikiana kwamba muhuri ni halali. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mchanga ni madini ya ujenzi, kibali cha kuusafirisha kiko wapi.